Siku Saba na Mama: Kutoka Dar hadi Bujora

Mama yangu alitoka Kwimba mwaka 1973 akiwa binti wa miaka kumi na tisa. Alipanda treni Mwanza, akashuka Dar es Salaam na sanduku la bati na mtungi mdogo wa samli. Tangu hapo amerudi kwao mara chache, na mara nyingi kwa misiba. Mwaka huu binti yangu, ambaye ana miaka kumi, alipelekwa na shule Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama. Jioni alirudi amejaa habari za msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo, akamuuliza bibi yake: "Bibi, na nyinyi nyumba yenu ilikuwaje?" Mama aliweka kikombe chini, akasema, "Nyumba haisimuliwi. Twende nikakuonyeshe."

Tuliondoka mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, kwenda Bujora, makumbusho ya Wasukuma, kabila la Mama, karibu na Mwanza. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, nikisaidiwa na daftari langu, picha za simu na kumbukumbu ya binti, ambayo kwa kweli imenizidi.

Siku ya kwanza, Jumatano: Dar – Dodoma

Tulichukua treni ya mwendokasi kutoka Stesheni ya Magufuli. Daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na binti alilipiwa nusu, kwa hiyo watu watatu tulitumia 77,500. Fika mapema, maana mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na kitambulisho kinaangaliwa pamoja na tiketi. Mama alishangaa zaidi ya wote. Alishika kingo za kiti chake mpaka tulipopita Pugu, halafu akalegea, akaanza kumsimulia mjukuu wake treni ile ya zamani: jinsi walivyolala wameegemea magunia, jinsi kila stesheni ilivyokuwa na chakula chake, na jinsi mtu ulivyoweza kujua umefika Tabora kwa harufu ya maembe na asali kabla hujaona kibao.

Saa nne hazikufika, tukawa Dodoma. Tulilala nyumba ya wageni ya 30,000 karibu na kituo cha mabasi cha Nanenane, safi, yenye maji ya moto. Usiku Dodoma ni baridi mwezi huo. Anayesafiri na mzee abebe shuka zito au kitenge cha ziada.

Siku ya pili, Alhamisi: Dodoma – Mwanza

Hii ndiyo siku ngumu ya safari, na sitaki mtu ajidanganye. Ni karibu kilomita 700. Tulilipa 45,000 kila mmoja, basi likaondoka saa kumi na mbili asubuhi likapita Bahi na Manyoni kwenye ukungu mwembamba. Singida tulisimama dakika ishirini. Nilinunua kuku wa kienyeji wa kuchoma, ndizi na maji, na ilikuwa fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote siku hiyo, kama itakavyoonekana.

Baada ya kushuka mlima Sekenke na kuiacha Shelui nyuma kidogo, basi lilianza kunuka. Dereva aliegesha pembeni. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika, na wa akiba haukuwepo. Kondakta alipanda bodaboda kwenda kuutafuta. Tulikaa pale saa tatu, jua la mchana likiwa juu yetu na miti ikiwa michache.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama mmoja mwenye kibanda cha makuti, anauza vitunguu na karanga. Alivuka barabara bila kuitwa, akiwa na kigoda mkononi. Alikuja moja kwa moja kwa Mama, akapiga goti kidogo, akasema, "Mwadila, mayu," salamu ya mchana ya Kisukuma; mayu ni mama.

Sijui alijuaje. Pengine ni jinsi Mama alivyofunga kanga, au alimsikia akilalamika jua. Mama aliitikia, na maneno yakaanza kumtoka kwa wingi ambao sijawahi kuusikia Dar. Kwetu Sinza, Kisukuma chake ni cha simu na cha kumkemea paka. Pale alikaa kwenye kigoda chini ya kivuli cha vitunguu, akaongea Kisukuma saa nzima, akacheka mpaka akajipangusa machozi. Yule mama alitoka Maswa, aliolewa Iramba. Tulipoondoka nilijaribu kumpa elfu tano ya maji na karanga alizotulisha. Alichukua elfu moja ya karanga, maji akakataa kulipwa.

Tuliingia kituo cha Nyegezi saa tatu usiku. Ukifika usiku na mzee, panga usafiri mapema kwa simu. Bei za pale getini hupanda wakiona mizigo.

Siku ya tatu, Ijumaa: Mwanza na Saanane

Mama alipumzika. Miguu ilikuwa imevimba, akakaa kibarazani na bakuli la maji ya chumvi. Mimi na binti tulikwenda Kisiwa cha Saanane, kwa kuwa nilimwahidi wanyama na nilijua Bujora atakutana zaidi na nyumba.

Ofisi ya hifadhi iko Capri Point, na boti huchukua dakika chache tu. Malipo hufanyika kwa simu au kadi, kwa hiyo hakikisha kuna salio kabla ya kutoka. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa mkulima na mvuvi hapo kabla serikali haijakifanya, mwaka 1964, bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, na ni hifadhi ndogo sana: kilomita za mraba mbili na kidogo, tena maji yakiwamo.

Tuliona swala pala wakitembea bila wasiwasi, na pimbi wamelala juu ya majabali kama mikate iliyoanikwa. Lakini binti alivutiwa zaidi na mijusi ya mawe: dume ana kichwa na mabega ya waridi iliyokolea na mwili wa buluu, anapiga pushapu juu ya jiwe kumwonyesha mwenzake kuwa hapa pana mwenyewe. Alipiga picha thelathini na saba za mjusi mmoja. Nimezihesabu.

Jioni tulikula sato wa kukaanga na ugali ufukweni, tukiangalia Jiwe la Bismarck, jabali lililo majini, likigeuka rangi.

Siku ya nne, Jumamosi: Bujora

Daladala za Kisesa hupita Buzuruga na Igoma, kwenye barabara ya Musoma. Nauli haikufika elfu moja kila mtu. Kutoka Kisesa mjini hadi Bujora ni mwendo mfupi wa kupanda; vijana hutembea, sisi tulichukua bodaboda mbili kwa 1,500 kila moja, Mama akiwa amekaa upande kama walivyokaa kwenye baiskeli za ujana wake. Dereva aliendesha polepole bila kuambiwa.

Bujora iko juu ya kilima chenye majabali makubwa yaliyopandiana, na majengo yake yametawanyika katikati ya mawe na miti. Ni makumbusho ya Wasukuma, na pia ni parokia. Mwanzilishi wake ni padre kutoka Kanada, David Clement wa Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alifika akakuta ngoma zinaitwa za kishenzi, naye akazikusanya: ngoma zenyewe, nyimbo, viti, mikuki, majina ya mitishamba. Kazi hiyo aliifanya na wazee wa hapo hapo, na bila wao asingejua kipi ni kipi.

Tulipokelewa na mwongozaji, kijana wa miaka thelathini hivi. Alimtazama Mama, akaacha kabisa kutusalimia kwa Kiswahili.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka gete, baba. Mhola?"

"Mhola."

Kuanzia hapo mwongozaji tulikuwa nao wawili. Kijana angeeleza jambo, halafu angenyamaza kidogo na kumtazama Mama, na Mama angeongeza au angetikisa kichwa. Hakuona haya kusahihishwa. Mara mbili alitoa simu akarekodi.

Tulianza na banda la utemi. Limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani vimehifadhiwa viti vyenyewe, mikuki, fimbo, na ngoma kubwa za himaya mbalimbali za Usukuma. Ngoma hizi hazikuwa za kuchezea. Mwenye ngoma ndiye mwenye nchi, na baraza la banang'oma ndilo lililomchagua mtemi. Zamani utawala ulipita upande wa mama: aliyerithi ni mtoto wa dada, si mtoto wa mtemi mwenyewe. Binti alisimama hapo akafikiri. "Kwa hiyo mimi ningeweza kuzaa mtemi, lakini Baba asingeweza?" Mama na kijana walisema "Eeeh!" kwa pamoja, kama watu waliofanya mazoezi. Madaraka ya watemi yalifutwa na serikali mwaka 1963, na Mama anakumbuka mtemi wa kwao akipita kwa baiskeli baada ya hapo, watu bado wakipiga magoti kando ya njia.

Kitu kilichonishika mimi ni kidogo kuliko vyote: kibangwa, kipande cheupe cha duara kilichokatwa kwenye kombe la konokono wa baharini, ambacho watemi walivaa. Ganda hilo lilitoka pwani yetu. Lilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, kwa miguu, miezi na miezi. Mimi nilikuwa nimelalamika saa tatu za Shelui.

Baada ya hapo ni banda la vyama vya ngoma, na hapa lazima nieleze, kwa kuwa bila kuelewa hili huwezi kuelewa Usukuma. Wacheza ngoma wote wako upande wa Bagalu au wa Bagika. Vyama hivi vilianzishwa na waganga wawili, Gumha na Ngika, walioshindana kujua nani ana dawa kali zaidi. Mashindano hufanywa hivi: makundi mawili yanacheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watu wako huru kukimbilia wanakotaka. Aliyevuta umati mkubwa ameshinda. Ndiyo maana kila kundi lina samba, dawa ya mvuto, na ndiyo maana wanabuni vituko: wanasesere, wanyama, watu wanaotembea juu ya magongo marefu. Mashindano makubwa ya Bulabo hufanyika hapo Bujora kila mwaka, kwa kawaida Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Neno lenyewe lina maana ya maua. Tulikuwa tumechelewa kwa siku chache, nyasi za uwanjani bado zimelala chini. Anayepanga safari aulize tarehe mapema, kwa sababu sikukuu hiyo inafuata Pasaka na haikai mahali pamoja.

"Mama, ninyi mlikuwa upande gani?" niliuliza. Alijinyoosha. "Bagalu. Na baba yako alikuwa Mgika, ndiyo maana hakujua kucheza." Nina miaka arobaini na minne na hilo nilikuwa silijui.

Ukutani pia pameandikwa namba moja hadi kumi kwa namna tofauti, kwa sababu kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia. Kijana alisoma za wazee, Mama akasoma za wasichana bila kutazama ukuta. Alizisema haraka, kwa sauti nyembamba, kama mtu anayeruka kamba. Binti alimrudisha nyuma mara nne mpaka akazishika.

Sasa ngoma. Kwa kawaida wachezaji hawakai pale kungoja mgeni mmoja. Lazima uweke miadi na ulipie kundi zima, na kwa familia ndogo ni gharama. Sisi hatukuwa tumepanga. Lakini siku hiyo kwaya ya vijana kutoka Geita ilikuwa imekodi ngoma. Nilikwenda kwa mwenyekiti wao kuomba tusimame pembeni, tuchangie kidogo. Alimtazama Mama, akainua watu wawili kutoka benchi la mbele, akasema, "Bibi akae hapa. Mchango wenu ni kupiga makofi."

Walianza na bugobogobo, ngoma ya jembe. Asili yake ni shambani: watu wanalima kwa mstari, ngoma inawasukuma, jua haliwashindi. Hapa walirusha majembe hewani, wakayazungusha, wakayadaka kwa mpini, vumbi likipanda mpaka kiunoni. Ngoma kubwa niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Mama alikaa kimya dakika ya kwanza, mikono mapajani. Halafu bega la kushoto likaanza. Halafu la kulia. Alipopiga kigelegele, wachezaji waligeuka upande wetu, na mmoja wao alikuja kucheza mbele yake akiwa ameinamisha jembe.

Wakafuata Bayeye. Hawa ni chama cha watu wa nyoka: wanajua kuwakamata, wanajua dawa za mtu aliyeumwa, na wanacheza nao. Mzee mmoja alifungua gunia akamtoa chatu mnene kuliko mkono wangu, akamweka mabegani, akacheza naye kwa utulivu kama anayebeba mtoto aliyelala. Kwaya nzima ilirudi nyuma hatua tatu. Binti hakurudi. Mwisho mzee alimwita, akamwonyesha mahali pa kugusa, nyuma kabisa mbali na kichwa, akamweleza kwamba chatu hana sumu, ila ana meno na ana nguvu ya kubana, kwa hiyo heshima ni lazima. "Nilidhani atakuwa na ute," binti aliniambia, "lakini ni mkavu, halafu ni wa baridi kama sahani." Kama mtoto wako anaogopa nyoka, mwambie mapema, na mkae nyuma. Hakuna anayemlazimisha mtu.

Tulikula Kisesa saa tisa: matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, pamoja na karanga, na chai ya maziwa. Elfu sita watu watatu. Tulikuwa hatujafika kwenye nyumba. Mama alisema miguu imechoka na nyumba haikimbii, tungerudi kesho.

Siku ya tano, Jumapili: misa na nyumba

Kanisa la Bujora ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na ngoma zile zile zinapigwa ndani ya misa. Mtu yeyote anaweza kuhudhuria, wa dini yoyote, mradi avae kwa heshima. Tulikaa nyuma. Matoleo yalipoanza, mabibi walicheza wakielekea mbele na mahindi na mtama kwenye ungo, na Mama akaniachia pochi yake bila kusema neno, akajiunga na mstari.

Baada ya misa kijana wa jana alitungojea, ingawa Jumapili si zamu yake. Akatupeleka kwenye boma.

Nilitegemea kuona kibanda. Nilichoona ni ulimwengu uliopangwa. Katikati zizi la ng'ombe, maana mali ndiyo inayolindwa kwanza. Kando yake shikome, mahali pa moto wa wanaume, ambapo wazee walikaa jioni na vijana wakafundishwa mambo ya nchi, moto ukilishwa kinyesi kikavu cha ng'ombe ili ukae muda mrefu. Vihenge vya nafaka vimeinuliwa juu ya mawe. Nyumba ya mfua chuma ina mifuo na viriba vya kupulizia moto. Nyumba ya mganga, nfumu, ina mitungi na vibuyu, na pale Mama alitaka tuseme kwa sauti ya chini. Na nyumba ya duara yenye paa la nyasi linaloshuka karibu na ardhi, mlango mfupi kiasi kwamba lazima uiname.

"Unaona?" Mama alimwambia binti. "Mgeni anaingia ameinama. Akiwa na ubaya, wewe umeshasimama."

Ndani alitembea kama mtu aliyezima taa chumbani kwake. Hapa moto. Hapa mitungi ya maji. Hapa ndama wadogo walilala usiku wa baridi, nyuma ya ukuta wa fito, na harufu yao ndiyo iliyokuletea usingizi. Akanyoosha kidole kwenye paa. "Nyasi hizi zinaishi kwa moshi," alisema. "Tukipika humu, moshi unapanda, unakausha nyasi, mchwa na wadudu wanakimbia. Nyumba ikikosa mtu wa kuwasha moto, haimalizi miaka mingi." Kijana alikubali, akasema kuezeka upya ni kazi isiyoisha na nyasi nzuri siku hizi zinafuatwa mbali. Nilitoa mchango kwenye kisanduku, na nawaomba mtakaokwenda mfanye hivyo.

Kibuyu cha kusukia maziwa kilining'inia. Kijana alikishusha kwa ruhusa ya Mama, nasema kwa ruhusa ya Mama kwa kuwa ndivyo alivyouliza, naye akamwonyesha binti: usitikise kama chupa ya dawa, sukuma na vuta, sukuma na vuta, mpaka usikie sauti imebadilika kutoka maji kuwa kitu. Siagi ndiyo inayobadilisha sauti. Kutoka humo ndiko ilikotoka samli ya mtungi ule wa mwaka 1973.

Halafu Mama akaliona jiwe.

Liko sakafuni, jiwe pana lililolala mteremko, limechimbika katikati kwa miaka ya kusaga, na juu yake jiwe dogo la mkononi. Mama alivua viatu. Alipiga magoti taratibu, mkono wake begani kwangu, akaomba mtama. Kijana alikimbia, kweli alikimbia, akarudi na konzi mbili kwenye kifuniko cha sufuria. Mama akaumwaga, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akaanza. Magoti yake ni mabovu, daktari amemkataza ngazi. Mwili wake wote uliingia kwenye ule mwendo, mbele na nyuma, na pumzi yake ikafuata, na baada ya kitambo wimbo ukatoka. Sikuwahi kuusikia. Ulikuwa mfupi, unajirudia, una jina la mama yake ndani.

Binti alipiga magoti upande wa pili. Walisaga pamoja mpaka mtama ukaisha. Nina picha moja tu ya wakati ule, na imetikisika.

Mlangoni palikuwa na bibi mmoja aliyetoka misani, aliyesikia wimbo akaja. Walisalimiana muda mrefu, ukoo kwa ukoo, kijiji kwa kijiji. Alitwambia kwake ni hapo chini tu, akatupeleka. Alitupa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikakaushwa, na maziwa ya mgando. Alipojua tunaondoka kesho, alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na jiwe dogo la mkononi, jeusi, laini kama sabuni iliyotumika. Lilikuwa la mama mkwe wake. Jiwe kubwa lilishapasuka zamani, na binti zake wanapeleka mtama mashine. "Hili halina mwenzake hapa," alisema. "Lichukue, mayu." Mama alilipokea amepiga magoti tena, na sikuthubutu kumzuia.

Siku ya sita na ya saba: kurudi

Jumatatu basi halikuharibika, na Shelui tulipita bila kusimama. Mama alipunga mkono dirishani kuelekea kibanda cha vitunguu, ingawa hakuna aliyemwona.

Asubuhi ya Jumanne, stesheni ya Dodoma, mkoba wa Mama ulipita kwenye mashine na mashine ikasimama. Ofisa kijana alimwita pembeni. Akafungua, akafunua kanga mbili, akalitoa jiwe. Alilipima mkononi, akaligeuza.

"Mama, hiki ni nini?"

Kabla Mama hajajibu, binti alisogea mbele. Alimweleza kuwa ni jiwe la juu, kwamba la chini ni kubwa na halibebeki, kwamba unapiga magoti hivi, unashika kwa mikono miwili, na mtama hauweki mwingi kwa mara moja. Aliimba na mstari wa kwanza wa ule wimbo, akiwa amekosea neno moja ambalo Mama alilisahihisha kwa sauti ya chini.

Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Yule kijana alilifunga jiwe kwenye kanga zile mbili, akalikunja vizuri kuliko alivyolikuta, akamkabidhi Mama kwa mikono miwili.